Mchora Mabango na Mafanikio Yetu ya Angani

Fundi wa kuchora mabango aliyekuwa na kibanda chake mtaa wa Njoro, hapa Moshi, amefariki, na Jumamosi tulimzika kwao Rombo, kati ya migomba aliyoipanda baba yake. Wakazi wengi wa Moshi wanaijua kazi yake bila kumjua yeye. Biashara za watu binafsi ziliporuhusiwa na kila mwenye chumba cha mbele akafungua duka, ni yeye aliyeandika majina ya bucha, saluni na maduka ya vipuri, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Hakuchora neno asilopewa kwa maandishi. Ukimwagiza kwa mdomo alikupa kalamu na karatasi: "Andika hapo, Mangi," alisema, kwa jina la heshima tunaloitana wanaume wa huku, "nisije nikakufungulia biashara nyingine."

Wanaomkumbuka kwa sura wanamkumbuka kwa jambo moja, tena vibaya. Wanasema ndiye aliyepoteza orodha ya mafanikio ya taifa. Nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo nitaeleza.

Miaka ile madishi ya televisheni yalikuwa ndiyo kwanza yanaota juu ya mapaa ya baa zetu. Maonesho ya mkoa yalipokaribia, afisa mmoja aliyependa kusikia sauti yake mwenyewe akatangaza kwamba banda kuu litaonesha mafanikio ya taifa letu katika anga za juu. Kwa nini sisi? Kwa sababu, alisema bila hata kutabasamu, mkoa wenye mlima kama huu uko karibu na anga kuliko mikoa mingine; sehemu ya safari tumeshapunguziwa. Kamati ikaundwa, nami, mwandishi wa gazeti, nikahudhuria vikao vyake vyote vinne na daftari langu. Cha kwanza kilijadili kitambaa cha meza kuu. Cha pili kilijadili nani akae karibu na mgeni rasmi. Katika cha tatu mjumbe mmoja aliuliza, kwa woga, mafanikio yenyewe ni yapi, akajibiwa kwamba bado ni mapema kuingia kwenye mambo madogo madogo. Cha nne kilivunjika kwa sababu nyama ilikuwa imeiva. Wakati huohuo mwalimu wa fizikia wa shule ya jirani, ambaye hakuwa na hata lenzi moja ya kufundishia, aliomba kona bandani ili wanafunzi wake waeleze jinsi satelaiti inavyozunguka dunia bila kuanguka. Aliambiwa banda limejaa.

Fundi alipewa karatasi moja. Ilikuwa na kichwa cha habari, na chini yake namba, kuanzia moja hadi kumi, na maneno "mengine yatafuata". Akapiga msasa ubao, akaandika kichwa kwa rangi ya bluu, akapanga namba zake vizuri, akasubiri. Alikwenda ofisini mara mbili kuulizia yaliyobaki. Mara zote mbili aliambiwa asiwe na haraka.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi akasimama mbele ya ubao ule mkubwa, akasoma kichwa cha habari kwa sauti, akashuka na macho hadi namba kumi, akapanda tena hadi namba moja.

"Mbona hakuna kitu?" aliuliza.

Afisa akamgeukia fundi. "Fundi! Jibu!"

"Shikamoo, mheshimiwa," fundi akasema. "Nimepewa kichwa na namba. Mafanikio sijaletewa bado."

Mama mmoja aliyeteremka kutoka Kibosho kuonesha kahawa yake akapaza sauti kutoka banda la pili: "Mangi, si uwaandikie hata lile dishi la baa!" Uwanja ukaangua kicheko. Mgeni rasmi naye alicheka, na hilo ndilo ambalo afisa hakulisamehe.

Kesho yake fundi aliitwa ofisini. Aliwekewa barua iliyokwisha kupigwa chapa, ikisema kwamba alikabidhiwa orodha kamili na akaipoteza kwa uzembe. Akisaini, ataendelea kuchora vibao vya shule na zahanati, kazi iliyokuwa ikimsomesha binti yake aliyekuwa kidato cha tatu. Asiposaini, asionekane tena pale. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje, mlango uko wazi, nikamsikia: "Bwana mkubwa, nikisaini kwamba nimeipoteza, nimesaini kwamba ilikuwepo."

Hakusaini. Kazi ikaenda kwa mwingine, na maneno ya barua yakatangazwa mjini bila saini yake. Binti akarudi nyumbani kabla ya mtihani. Fundi alihamia Tarakea, akawa anaandika "Unga" na "Sukari" kwenye milango ya maduka ya mpakani. Afisa alipandishwa cheo. Nami? Niliandika habari yenye kichwa "Maonesho ya Anga Yafana", kwa kuwa mhariri aliitaka hivyo na mimi nilitaka kubaki kazini. Tangu hapo nimesikia hotuba nyingi kuhusu taifa letu na anga. Zote zilitolewa na watu wa aina ileile, wanaodhani kutamka jambo ni sawa na kulifanya, na karibu zote ziliripotiwa na watu wa aina yangu.

Jumamosi, pembeni ya kaburi, afisa yule, sasa mstaafu mnene, alipewa nafasi ya kuzungumza. Alimsifu marehemu kwa "mchango wake katika sayansi ya anga, licha ya kasoro ndogo ya kibinadamu ya kupoteza kumbukumbu muhimu". Watu waliinamisha vichwa kwa heshima. Binti, ambaye leo ni fundi cherehani, alinishika mkono wa koti.

"Baba mdogo, wewe ulikuwepo. Sema."

Sikusema. Nilijiambia kwamba msibani si mahali pake, kama nilivyojiambia zamani kwamba gazetini si mahali pake. Nimejifunza, nikiwa nimechelewa sana, kwamba mwongo mwenye cheo hahitaji watu wa kumwamini. Shahidi mmoja mwenye adabu anamtosha. Binti yule anaweza kukata safu hii na kumwonesha yeyote anayemcheka baba yake. Nilihudhuria vikao vyote vinne, na daftari langu bado ninalo. Orodha haikupotea. Haikuwahi kuandikwa.