Kadi ya Idi Iliyobanduka kwa Fundi Salehe

Mimi leo nina lori, nina duka hapa Mikumi, na shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo anayeniambia sina akili namcheka tu. Lakini ukinitajia kadi ya Idi naangalia chini, maana iko kadi moja iliyonivua nguo mbele za watu.

Enzi za Mwingereza nilikuwa kijana, nakata mkonge shamba moja upande wa Chanzuru, na mikono hii, pamoja na miba yote ile, ilikuwa na ufundi ambao hakuna aliyeufikia (sijisifu, waulizeni waliobaki). Nilichonga muhogo mbichi kwa ncha ya kisu nikatoa mwezi, nyota, maua, nikachovya kwenye maji ya zambarau nikagonga kama mhuri wa bwana shauri, halafu juu yake nabandika karatasi tabaka kwa tabaka, ya chai, ya sukari, na ile ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, gundi yenyewe uji mzito wa muhogo. Kambi nzima ilizitaka kadi zangu (ndiyo maana siku nyingine ngwe yangu ya mkonge ililala bila kukatwa). Ah, raha ya siku zile!

Sasa, nilimpenda Mwanahawa, binti wa Fundi Salehe, mshona nguo wa karibu na stesheni ya Kilosa. Nilisikia mzee hawapendi manamba, yaani sisi watu wa mkonge, basi nikawaambia, baba na binti, mimi karani wa ofisi ya shamba. Idi ilipofika nikaamua kumpelekea Mwanahawa kadi ya msikiti wa tabaka sita, nikiwa pale nidokeze habari ya posa. Tatizo karatasi zilikuwa laini, kadi haisimami. Nikakiona kipande changu cha zamani, ile kadi ngumu ambayo nyapara anatia alama kila siku unayomaliza ngwe. Nikakifunika karatasi mbele na nyuma, nikasema moyoni, nani atachungulia humo?

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karani wetu! Karibu."

Kadi ikazunguka sebule nzima, watu wanaguna kwa kuisifu, mimi kifua mbele. Mwisho shangazi yake Mwanahawa akaisimamisha kwenye sinia, mbele ya mdomo wa birika la chai, ionekane vizuri. Mvuke ukaipiga. Mimi nasimulia kazi za ofisini, msikiti unateremka pole pole, mnara ukaingia kwenye kikombe, na kikabaki kipande peke yake, kimesimama wima.

Fundi Salehe akavaa miwani. "Hili si jina lako? Kazi, kukata mkonge." Akahesabu alama kwa kidole. "Siku kumi na moja. Katika thelathini!"

"Karani huyo," shangazi akasema, "mkonge anaukata kwa kalamu."

Walicheka mpaka majirani wakaja kuuliza. Mzee peke yake hakucheka. "Kijana, kukata mkonge si aibu. Baba yangu alikuja hapa kubeba mataruma ya reli. Lakini umenidanganya ndani ya nyumba yangu, na hata huo mkonge wenyewe hukuukata."

Mwanahawa alinisindikiza mpaka mlangoni, macho mekundu. "Ungesema ukweli ningekutetea. Sasa niseme nini?"

Mwaka uliofuata aliolewa na mkata mkonge wa kambi yetu hiyo hiyo, bwana mmoja mpole aliyekwenda akasema waziwazi, mimi manamba. Na kadi za harusi nilizitengeneza mimi, wenzangu, kwa mikono hii, na zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kugonga.

Tangu hapo muhogo naula tu, siuchongi. Na nikiingia nyumba ya mtu nikaulizwa kazi yangu, naitaja kabla sijakaa.