Namba kwenye Lango

Juzi hapa Black Rock, mtaa wetu huku ughaibuni, nilimkuta mwanafunzi Mkenya akipiga picha lango la kiwanda cha zamani, lenye minara kama ngome, kabla halijageuzwa mgahawa. Kila jiwe alilibandika namba. Jirani yangu, bibi mwenzangu anayepanga chumba cha juu ya lango, alipoziona akaanza kufunga masufuria ndani ya shuka. Kambini Tanzania, tulikokuwa wakimbizi, nyumba ikishaandikwa namba ilikuwa inabomolewa.

“Usijali, shosho, hii ni rekodi tu,” mwanafunzi akamtuliza bibi.

“Hata kule walianza na rekodi. Mimi umeniandika wapi?”

Mwanafunzi akapekua karatasi zake zote. Mawe yalikuwemo, hata lenye ufa. Mpangaji hakuwemo. Msinicheke, nilimshikia jirani yangu shuka akakaza fundo.