Mteremko wa Soni

Mtu akitaka kuzunguka milima ya Usambara kwa pikipiki, watu wa Lushoto humwelekeza kwa Yudith Shekigenda. Ana miaka arobaini na moja, mwembamba, sauti yake ya chini, na akivaa koti lake la mvua huwezi kumtofautisha na vijana wa bodaboda. Kwa miaka tisa alibeba karoti na kabichi kwa pikipiki kutoka Lukozi hadi sokoni, mpaka waendesha pikipiki wa Dar es Salaam na Tanga walipoanza kumpigia simu awatangulie kwenye kona. Baba yake, marehemu Rubeni, alikuwa kibarua wa barabara. Alizibua mifereji na kuziba mashimo kati ya Mombo na Lushoto mpaka mgongo ulipomkatalia, na ndiye aliyemfundisha bintiye kuisikiliza barabara kabla ya kuitazama.

Mwaka juzi, Aprili, alipata wageni wawili kutoka Tanga. Salimu alikuwa mwalimu wa sekondari, mrefu, mwenye maneno mengi. Nassoro alikuwa na duka la vipuri, na kamera yake ilimning'inia shingoni hata akila. Walikuja kumaliza ubishi wao wa muda mrefu: ni barabara ipi ya milimani iliyo tamu kuliko zote kwa pikipiki. Salimu alizipa maksi kama anavyosahihisha mitihani, kona kumi, mandhari kumi, njia yenyewe kumi. Kwamkoro, kule Amani, walikuwa wameshapita, na Nassoro aliapa kwamba hakuna itakayoishinda kwa kivuli cha msitu na chai iliyotandazwa kila upande.

Siku ya kwanza Yudith aliwapeleka Mtae. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na tope lilishika magurudumu. Walifika mchana, wakasimama ukingoni ambapo mlima unakatika ghafla na nyika inaanza chini kabisa.

"Mandhari kumi," Salimu alisema. "Njia nne, na hapo nimekuhurumia, dada Yudith."

Siku ya pili walizunguka Bumbuli. Jioni, wakila maharage na ndizi kwenye mgahawa wa Lushoto, Nassoro akamuuliza Yudith yeye angechagua ipi.

"Ya Mtae inakutisha tangu mwanzo, kwa hiyo unakwenda nayo kwa adabu," Yudith alijibu. "Hii ya lami, ya kushuka Soni mpaka Mombo, ndiyo siipendi. Inakubembeleza."

Wakacheka. Yeye hakucheka.

Asubuhi ya tatu waliondoka kwenda Mombo ili wageni warudi kwao. Ukungu ulikuwa umelala barabarani na mifereji ilijaa maji mekundu. Walipokaribia Soni, Yudith alisikia harufu iliyomfanya apunguze mwendo bila kufikiri. Harufu ya breki zilizochemka. Hukaa kooni kama mpira ulioungua.

Lori lilikuwa limeegeshwa pembeni mwa njia, limepakia kabichi hadi juu, mawe mawili yakiwa yamekinga tairi za nyuma. Mzee Dula, dereva, alikuwa akimwagia magurudumu maji kwa ndoo. Kila akimwaga, mvuke uliruka ukimficha mpaka kiunoni.

Yudith alimfahamu tangu utotoni. Dula alikuwa rafiki wa baba yake, na siku za mvua alikuwa akimpakia Rubeni pamoja na sepetu yake bila kudai nauli.

"Shikamoo, mzee Dula."

"Marahaba, Yudith. Hujambo? Wageni hao?"

"Sijambo. Ni wageni. Mzee, hizo zinanuka."

"Zinanuka tangu Magamba, kule juu ya Lushoto," Dula alisema, akiiweka ndoo chini. "Zikipoa nashuka. Nitashuka kwa gia ndogo, taratibu."

"Si ungengoja fundi?"

"Fundi atoke wapi leo? Mwenye lori amenipigia simu mara tatu. Kabichi zikichemka humo, anaweka mtu mwingine mahali pangu." Akatazama kibanda walipozoea kukaa askari wa barabarani, mita mia mbili mbele, kisha akamgeukia tena Yudith. "Usinisemee, mwanangu."

Yudith alisimama na kofia ngumu mkononi. Mtu uliyemwamkia miaka thelathini na tano, utamwambiaje hajui kazi yake? Akamtakia safari njema. Walipopita kibandani askari alikuwepo, amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Yudith alimpungia mkono. Askari naye akapunga.

Chini ya Soni barabara hujiviringisha juu ya bonde la mto, ukuta wa mlima upande mmoja, upande wa pili hewa tupu. Ukungu ulianza kupasuka. Kilomita chache mbele Salimu akapiga honi wasimame. Mashamba ya mkonge yalikuwa yameonekana kule chini, yamepangwa mistari, na Nassoro alitaka picha ya kona ile.

"Dakika tano tu, dada."

Yudith hakuzima pikipiki yake. Nassoro alichuchumaa kwenye ukingo wa lami, Salimu akisimama katikati ya njia kuangalia magari. Hapakuwa na gari. Hilo ndilo lililomsumbua Yudith: tangu watoke Soni hakuna kitu kilichowapita kutoka nyuma, kana kwamba magari yote yamezuiwa na kitu kinachoshuka taratibu. Akazima injini ili asikie vizuri.

Alisikia mto. Kisha, mbali juu, honi ya lori. Ilianza, na haikukatika.

"Tokeni barabarani!" alipiga kelele. "Ingieni mferejini, upande wa mlima! Ziacheni pikipiki!"

"Kuna nini?" Salimu aliuliza.

"Lori halina breki! Ingia!"

Nassoro aliruka kwanza, akamvuta mwenzake kwa mkanda. Yudith alikuwa ameshawasha pikipiki. Kona tatu chini kulikuwa na akina mama wanaouza peasi na matunda damu, meza zao zikiwa zimesogezwa mpaka kwenye lami ili magari yawaone. Kila Jumamosi hawapungui kumi. Ilikuwa Jumamosi.

Alishuka kwa mwendo ambao hajawahi kumruhusu mgeni yeyote. Lami ilikuwa imelowa. Kwenye kona ya pili gurudumu la nyuma lilimtoka, likarudi. Nyuma yake honi ilikuwa inakua. Alipoziona meza alianza kupiga kelele kwa Kishambaa, lugha ambayo akina mama wale wangeitii bila kuuliza swali. Wakakimbia. Mmoja wao, Raheli, mjamzito wa miezi minane, alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa na alichelewa kuinuka. Yudith aliitupa pikipiki, akamshika makwapani, wakapanda pamoja kwenye kichaka cha lantana wakichanika mikono.

Lori likatokea. Dula alikuwa wima nyuma ya usukani, mikono yote miwili imeshika, uso umetulia kama mtu anayesoma kitu. Aliona meza. Hakuweza kujua kwamba hakuna mtu nyuma ya meza hizo. Akakata usukani kuelekea ukuta wa mlima, na lori likaupiga kwa ubavu, likapanda, likalala. Kabichi zilimwagika barabarani zikaendelea kuteremka peke yake, moja moja, kwa muda mrefu baada ya kila kitu kingine kunyamaza.

Yudith ndiye aliyefika kwanza kwenye kabini. Bati lilikuwa limembana Dula kuanzia kifuani.

"Kuna mtu chini?" mzee aliuliza.

"Hakuna, mzee. Wote wamepona."

"Wote?"

"Wote."

Salimu na Nassoro walifika wakikimbia, wakavuta, watu wakaleta mitaimbo. Mzee Dula alikuwa ameshakata roho kabla mlango haujafunguka.

Siku zilizofuata Yudith alisifiwa kanisani, na Raheli alipojifungua alimpa binti yake jina la Yudith. Polisi walipomuuliza kama aliliona lori kabla ya ajali, alisema ndiyo, Soni, na alinusa breki, na alipita mbele ya askari bila kusema. Yule aliyeandika alisita, kisha akaendelea kuandika. Mwenye lori aliwaambia watu kwamba dereva alikuwa amezeeka.

Arobaini ilipopita, Yudith aliteremka hadi Mazinde kwa mjane, Mwanamwema. Akamwamkia, akakaa kwenye mkeka, akamweleza yote hata lile la kupunga mkono. Alitegemea kufukuzwa. Mwanamwema alikuwa akichambua mchele, na hakuacha.

"Wiki nzima alikuwa ananieleza zinanuka," alisema. "Mimi nilimwambia avumilie mpaka mwisho wa mwezi." Akapepeta ungo mara moja. "Wameshalitengeneza lile lori. Lilipita hapa jana. Honi yake naijua."

Tangu hapo Yudith hawashushi wageni Soni bila kwanza kuegesha pale juu ya mteremko. Hupita lori kwa lori, husogeza pua kwenye magurudumu, na akinusa kitu humwambia dereva mbele ya watu, mkubwa au mdogo, kisha huenda kibandani. Wengine humtukana. Mmoja alimwuliza mume wake yuko wapi. Aprili hii alisimamisha malori matatu kwa asubuhi moja. Madereva wawili walingoja fundi. Wa tatu askari alizungumza naye pembeni kidogo, akamruhusu, naye akaingia kwenye ukungu akipiga honi mara mbili ya kuaga. Alifika Mombo salama. Jumamosi iliyofuata dereva huyo alikuwa pale tena, amepakia mzigo mkubwa kuliko wa mara ya kwanza, na safari hii hakusimama.