Shahidi Aliyekaa Ndani

Wanafunzi ndio waliompa jina la Mama Funguo, na likamganda mpaka mumewe naye akawa anamwita hivyo hivyo. Alikuwa mlezi wa bweni la wasichana pale chuoni, mwanamke wa makamo, mnene, mwenye kiofisi kidogo kando ya mlango mkubwa: meza, birika la umeme, ubao wa misumari wa kutundikia funguo za akiba, na kiti cha plastiki ambacho karibu kila binti wa bweni lile amewahi kukikalia akalia. Walilia mapenzi, walilia mitihani, walilia wazazi wanaotengana. Yeye aliwasikiliza wote huku mikono yake ikiendelea na shughuli nyingine. Usije ukamwona hajali. Hivi wewe ungebeba machozi ya bweni zima kwa moyo wote ungefika wapi? Ungekuwa umeshazikwa zamani.

Basi, katika mabinti wake kulikuwa na mmoja wa mwaka wa pili, wenzake wakimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Jioni moja Chiriku alikwenda kujisomea na kiranja wa darasa lao, kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, shikamoo kwa kila mfagizi. Kiranja akafunga mlango wa chumba cha kujisomea kwa ndani. Chiriku alimwambia aache, naye hakuacha. Mengine siyasemi mimi, binti mwenyewe ameyasema ya kutosha. Alirudi bwenini hana viatu miguuni, akasimama kwenye mlango wa kile kiofisi. Tangu siku ile jina la Chiriku halikumfaa tena, ila watu waliendelea kumwita hivyo hivyo. Watu nao, bwana!

Shauri likapelekwa Kamati ya Nidhamu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa profesa wa uhandisi wa majengo, muungwana kweli kweli, ambaye maisha yake yote alikuwa amehukumu wizi wa kompyuta na udanganyifu wa mitihani. Shauri la namna hii lilikuwa la kwanza kwake. Alipomwona binti anatetemeka hata glasi ya maji inagonga meno, roho ilimuuma. Akauliza, "Kuna mtu wako hapo nje?" Chiriku akasema yupo Mama Funguo. Profesa akamwambia katibu, "Mwite huyo mama aingie, akae na mtoto."

Na Mama Funguo kule nje alikuwa anasubiri nini? Alikuwa anasubiri kuitwa kutoa ushahidi! Lakini kaitwa, kaingia, kaketi, kaushika mkono wa binti. Akasikia yote, neno kwa neno. Binti alipofika mahali pa kutoka mbio mle chumbani, sauti ikamkatika, na profesa kwa huruma akasema inatosha, pumzika. Kisha Mama Funguo akainuka kutoka kiti kile kile akatoa ushahidi wake. "Alinijia mlangoni hana viatu," alisema. "Akaniambia, 'Nilimwambia aache.'" Kamati ikayashika sana maneno hayo, kwamba binti aliyasema papo hapo, kabla hajapata muda wa kutunga lolote. Kiranja akafukuzwa chuo.

Sasa, shahidi hukaa nje mpaka aitwe. Ndiyo kanuni, na si kanuni ya kipuuzi hata kidogo: asije akasikia ya mwenzake akayabeba akidhani ni yake. Mwalimu wa zege na nondo alikuwa hajui, au alijua na huruma ikamzidi, sijui. Watu wote mle ndani walikuwa wema siku hiyo. Ndicho kinachoniudhi mimi.

Kiranja akakata rufaa. Haki yake, simnyimi. Akatafuta wakili, na wakili hakuhangaika hata kidogo kusema kijana hakufanya. Alisema tu: shahidi alikaa ndani.

Mama Funguo alipoambiwa kwamba ataitwa mbele ya Kamati ya Rufaa, alitegemea atalia, au atakasirika. Hakuna kilichokuja. Alikuwa kama mguu uliokaliwa, unauona ni wako lakini ukiukanyagia husikii kitu. Akapika, akafua, akaenda kazini, akagawa funguo. Msichana mmoja alimsimulia kichekesho, akacheka panapotakiwa kuchekwa.

Asubuhi ya siku ya kuitwa, mumewe, fundi redio, alikuwa mezani kafungua redio ya mteja, skrubu kazibana mdomoni.

"Mama Funguo, unawaza nini?" aliuliza, bila kuzitoa skrubu.

"Siwazi kitu."

"Watakuuliza kama aliyasema mlangoni. Sema aliyasema. Kwisha habari."

"Sikumbuki vizuri, baba watoto."

Mumewe akazitema skrubu kiganjani. "Hukumbuki vipi? Si ulishasema pale mwanzo?"

"Nilisema. Nilikuwa na hakika kabisa. Tangu walipoleta hii rufaa nimekuwa nikijaribu kumwona pale mlangoni, na namwona, mdomo wake unasema. Lakini kila nikimtazama amevaa lile gauni la bluu."

"Lina nini?"

"Gauni la bluu alilivaa siku ya kamati."

Fundi akashusha sauti, akasema, "Mke wangu, nani atakupima kichwa? Neno ni moja tu, ndiyo. Yule kijana alifanya au hakufanya?"

"Alifanya."

"Basi!"

Na usimcheke fundi. Ningekuwa mimi, labda ningesema vivyo hivyo.

Kamati ya Rufaa ilikuwa ya watu watatu, ikiongozwa na mama mmoja mwanasheria mwenye sauti ya upole. Alieleza tangu mwanzo kwamba hawakukaa pale kuamua nani mkweli na nani mwongo. Wanaangalia tu uamuzi ulifikiwaje. Chumba kilikuwa na kipoza hewa kilichodondosha maji kwenye ndoo. Chiriku hakuwepo, hakutakiwa kuwepo. Kiranja alikuwepo, shati limenyooka, amekonda.

Mama Funguo alikuwa amejiandaa kwa wakili mkali wa kufoka na kunyoosha kidole. Laiti! Angefokewa, pengine angefoka naye, na moto ungemwamsha. Wakili alikuwa kijana mpole, wa umri wa mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, binti alipokuwa anaeleza, ulikuwa wapi?"

"Nimekaa naye."

"Ulimsikia akisema, 'Nilimwambia aache'?"

"Nilimsikia."

"Kisha wewe ukasema alikwambia maneno hayo hayo mlangoni kwako. Mama yangu, nina swali hilo tu. Una hakika uliyasikia mlangoni? Au uliyasikia mle ndani?"

Neno la mumewe lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Ndiyo. Ni la kumeza mate tu na kulitoa. Akamtazama Kiranja, akamchukia, na hata chuki yenyewe ilikuwa ya mbali, kama inasikika kutoka nyumba ya jirani. Akamtafuta Chiriku pale mlangoni mara nyingine. Akamwona. Gauni la bluu.

"Sijui," alisema.

"Hujui kama alikwambia?"

"Alikuja, hilo nalijua. Hana viatu, nalijua. Maneno, sijui tena niliyasikia wapi."

Wakili akasema ahsante mama, akakaa. Hakutabasamu, nampa heshima yake kwa hilo.

Uamuzi ulitoka wiki iliyofuata. Wa kwanza umetenguliwa, shauri lisikilizwe upya mbele ya kamati nyingine, na kwa sasa Kiranja arudi masomoni. Jambo zima lingeanza tena kwa Chiriku: kuketi, kueleza, kuulizwa. Asipoeleza, hakuna shauri. Wafagizi walinong'ona, wapishi wakanong'ona, profesa wa majengo alipita kiofisini akasimama, akafungua mdomo, akasema, "Mama, nilidhani ninamsaidia." Mama Funguo akamjibu najua. Akamkaribisha chai. Profesa hakuinywa.

Chiriku alikuja mchana, bweni limetulia kwa joto, wenzake wako madarasani. Alikuwa na ufunguo wa chumba chake mkononi. Nje, kaka yake alikuwa anapakia mabegi kwenye gari la kuazima.

"Nimekuja kurudisha," alisema.

Mama Funguo alimwonyesha kiti cha plastiki. Chiriku akabaki amesimama.

"Wamesema watasikiliza upya, mwanangu."

"Nimeambiwa."

"Hutasema tena?"

"Sisemi. Nilisema vizuri mara ile. Sina njia nyingine ya kuyasema."

Mama Funguo alisogeza birika, akalirudisha lilipokuwa. Alitaka kumwambia pole, na neno pole likaonekana dogo mno, la mtu aliyejikwaa. Akaona heri amwambie kweli.

"Waliniuliza kama uliniambia pale mlangoni. Nikawajibu sijui. Sikutaka kuwadanganya, maana maneno hayo kwenye kichwa changu hayapo. Nimetafuta mpaka nimechoka. Hivi, mwanangu, uliniambia?"

Chiriku hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Nilikwambia, Mama," alisema. "Nilikwambia mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unamtolea mtu ufunguo wa chumba cha pasi, nikaona hukunisikia. Nikarudia."

"Nikasemaje?"

"Ulisema, 'Nimekusikia, mwanangu.'"

Mama Funguo alikaa. Hayo ndiyo majibu yake kwa bweni zima, anayelalamikia taa iliyoungua, anayelalamikia bomba, anayelalamikia mwenzake wa chumba anayekoroma. Huyatoa bila kuinua uso, kama mtu anavyopiga miayo. Alimwamini Chiriku moja kwa moja. Akajaribu kuikumbuka ile jioni sasa, kwa kuwa ameambiwa, na hakuna kilichorudi. Na hata kingerudi, kingemsaidia nani? Angeulizwa tena alikisikia wapi, angelazimika kusema amekisikia leo, hapa, kwa binti mwenyewe.

Aliupokea ufunguo, akautundika kwenye msumari wake. Nje honi ikalia.

"Huyo kaka," Chiriku alisema. "Haya, Mama. Mimi naondoka. Sirudi tena."

Mama Funguo alikuwa bado ameelekea kwenye ubao, ananyoosha funguo zilizopinda, na mdomo ukamtangulia.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema.