Faili Lililoitwa Mama

Ukitaka kumuudhi Nalepo, karani wa usharika mmoja pale Kimandolu, mwambie kazi yake ni kuchapa tu. Atavua miwani, akutazame kuanzia viatuni, kisha akueleze habari ya faili linaloitwa mama. Utajuta, maana maelezo ni marefu.

Habari yenyewe ni hii. Kompyuta ya ofisi ni kikongwe, programu nzito haiziwezi. Kwa hiyo Nalepo huandika kila kitu katika mafaili ya maandishi matupu, yasiyo na madoido: ratiba za ndoa, ratiba za mazishi, matangazo ya Jumapili. Programu ndogo aliyowekewa na fundi Gidion huyasoma na kuyatoa kwenye printa yakiwa yamependeza. Ila ili programu hiyo ijue ukubwa wa herufi, jina la usharika na namba ya simu ya ofisi, ilibidi mistari ileile tisa ikae juu ya kila faili. Na mafaili yalikuwa mia moja na arobaini.

Namba ya ofisi ilipobadilika, aliyafungua moja baada ya jingine, akasahau mawili. Namba ya zamani ilikuwa imeshachukuliwa na dalali wa ng'ombe wa Tengeru, na mwezi mzima yule bwana akawa anaulizwa siku ya ubatizo. Kwa ukarimu wake alikuwa akijibu, "Leteni tu Jumamosi, siku ya soko."

Aibu ile ndiyo iliyomzaa mama. Nalepo aliikusanya mistari yote tisa katika faili moja, na juu ya kila faili jingine akaacha mstari mmoja tu wa kuliambia lisome faili la mama kwanza. Ukibadilisha kitu kwa mama, watoto wote wamebadilika. Alijipiga kifua wiki nzima. Hata Mchungaji alielezwa, mara mbili.

"Na mtoto akitaka lake?" Mchungaji aliuliza.

"Analiandika mwenyewe chini ya mstari wa mama. Lake ndilo linalopita."

"Basi huyo si mama wa Kimeru," alisema Mchungaji, akaenda zake.

Ikaja harusi ya Bariki, kijana wa pale usharikani. Kamati ilitaka kwenye ratiba, kadi na vitabu vya nyimbo, chini ya kila ukurasa, yaandikwe maneno haya: Mungu atujalie siku kama hii tena na tena. Badala ya kuyaandika kwenye mafaili ya harusi peke yake, Nalepo aliona uvivu, akayaweka kwa mama. Alisema atayaondoa Jumatatu. Jumatatu ilikuja ikapita, na maneno yakabaki palepale.

Jumanne akafariki Mzee Sifaeli, mwalimu aliyemfundisha Nalepo kusoma na kuandika. Alilia, akafuta machozi, akaapa ratiba ya mazishi ya mwalimu wake haitakuwa na kosa hata la nukta. Jina alilikagua mara tatu, tarehe mara nne. Chini ya ukurasa hakutazama, maana kule ni kwa mama, na mama hakosei. Akachapa nakala mia mbili.

Ijumaa, nyumbani kwa marehemu juu ya Tengeru, nakala ziligawiwa chini ya turubai kando ya migomba. Nalepo alipofika mwisho wa ukurasa, aliyakuta maneno ya harusi ya Bariki. Huku na huku watu walikuwa wakigusana viwiko, na kuna mzee aliyekohoa kikohozi kisicho na kifua. Maji yakimwagika hayazoleki.

Daniel, mtoto wa kwanza wa marehemu, alimwinamia Nalepo, karatasi mkononi. "Dada, hiki ni nini? Siku kama hii tena na tena? Kesho tumzike nani?"

 Nalepo alitamani ardhi ipasuke.

"Mnanong'ona nini mbele ya baba yenu?" Alikuwa Bibi Magdalena, mjane, kando ya jeneza. "Nalepo, njoo unisomee."

"Shikamoo, mama," alisema Nalepo akichuchumaa.

"Marahaba. Soma."

Alisoma kwa sauti ya kitoto, kama zamani mbele ya ubao.  Bibi Magdalena akaligeukia benchi walipobanana watoto wake sita, wa Mwanza, wa Mbeya, wa Dodoma.

"Mara ya mwisho kuwaona nyote kwenye benchi moja ni lini?"

Wakaanza kuhesabu kwa vidole.

"Miaka kumi na moja. Kila Krismasi baba yenu alichinja mbuzi, akapanga viti, tukala wawili hadi Januari." Kicheko kikamponyoka pamoja na machozi. "Yaacheni maneno hayo. Angekuwa na kalamu leo, angeandika hayohayo. Ila safari ijayo msisubiri nife."

Kesho yake Nalepo aligawanya madaraka. Mama akabaki na jina, simu na herufi. Harusi zikapewa mama mkubwa, misiba ikapewa mama mdogo, na hakuna anayeingia jikoni kwa mwenzake.

Desemba simu ya ofisi ikalia. Alikuwa Daniel.

"Dada, tunaomba utuandalie ratiba. Sote sita tunakuja."

"Ratiba ya nini, kaka?"

"Ya kula mbuzi na mama. Na chini yake weka yale maneno."

Nalepo alifungua faili jipya, akayaandika mwenyewe humohumo ndani, bila kumsumbua mama yeyote. Alipomaliza kuchapa, akaanza kukagua kutoka chini.