Fangasi Waliozoea Dawa ya Zabibu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali moja Kondoa, Mkuu wa Maabara hakunikaribisha hata kiti. Alinisogezea darubini akaniambia, "Binti, hapa hatumwamini mtu mpaka kioo kiseme." Kauli hiyo niliishika hata nilipohamishiwa Dodoma mjini, nikawa mtu wa kushuku kila kitu: maji, kemikali, hata chai ya wenzangu. Kazini ilinifaa. Nyumbani ilinigombanisha na wengi.

Dodoma nilipewa meza ya fangasi, vimelea wa jamii ya ukungu ule unaoota kwenye mkate uliolala. Wengi wao huleta mapunye na muwasho tu, lakini wapo wanaoingia mapafuni, hasa kwa mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu. Mama Neema, mkulima wa zabibu, aliwahi kuugua, yeye na mumewe. Alimeza vidonge vya fangasi miezi mingi, na bado alikohoa damu na kukonda.

Mganga Mfawidhi, daktari mkuu wetu, alimshuku mume. "Huyu bwana anauza vidonge," aliniambia. "Dawa ingemezwa, ingefanya kazi." Mimi nilishuku vidonge vyenyewe kuwa feki. Muuguzi akaagizwa amsimamie mama wa watu akimeza, kisha amfunue mdomo na kumwinua ulimi. Baba Neema alikatazwa kugusa pakiti. Alisimama mlangoni kofia mkononi. Iliniuma kumtazama.

Vidonge vikamezwa mbele ya macho yetu, kikohozi kikazidi. Nikaotesha fangasi wake kwenye visahani viwili vya chakula chao, kimoja nimekichanganya na dawa ileile. Hicho kilipaswa kubaki kitupu. Baada ya siku chache vyote viwili vilikuwa vya kijani: fangasi walishakuwa sugu.

Mganga Mfawidhi alivitazama, kisha yeye ndiye aliyeuliza, "Zabibu zao wanapiga dawa gani?"

Baba Neema alileta chupa. Ilikuwa dawa ya ukungu wa majani, na kemikali yake ni ya ukoo mmoja na vidonge vyetu. Matawi yanayopogolewa hurundikwa yaoze yakiwa bado na dawa. Fangasi huota humo. Wanyonge hufa, wanaostahimili huzaana. Mboji hiyo Mama Neema ndiye aliyeibeba shambani, akivuta vumbi lake.

Rundo lenyewe halikupimwa, kwa hiyo hatukuthibitisha. Dawa nyingine, ya sindano, ilipatikana kwa kuchelewa. Mama Neema alifariki kabla ya mavuno.

Sasa nimestaafu, naishi Chang'ombe, hapahapa Dodoma. Vijana mnaoshika kazi hii, shukuni, ndiyo kazi yetu. Ila dawa ikigoma msianze na mgonjwa, maana yeye ndiye aliye karibu na ndiye asiyeweza kujitetea.

Juzi asubuhi Baba Neema alipiga hodi kwangu. Aliniuliza kama ni kweli dawa yake ya zabibu ndiyo iliyomuua mkewe. Nikamjibu kwamba naishuku, lakini ushahidi sina. Akakohoa kwenye leso, akaikunja upesi, lakini doa jekundu nilikwisha kuliona. Nikamwambia aende hospitali siku ileile.

"Nikienda, Mama, wataniamini?"

Nikaingia ndani kutafuta viatu vyangu.