Kofia za Bibi Enid

Bibi Enid Ackroyd wa mji wa baridi wa Keighley alikuwa na dini mbili: Umethodisti na sweta. Mtoto akilalamika baridi, aliambiwa avae sweta. Akilalamika tena, avae la pili. Alikuwa amesokota sufu kiwandani tangu usichana, na kuwasha moto kabla ya baridi kali ya Novemba aliona ni ulegevu.

Binti yake wa pekee, Gillian, alikaa mji mwingine, Leeds, na mambo hayo hakuyataka. Alipomkuta mama yake jikoni anatetemeka, midomo imebadilika rangi, alileta fundi. Kila rejeta ya ukutani, ile ya maji moto ya kupasha chumba joto, ikafungwa valvu yenye akili, kichwa cheupe cha kupima joto, ili Gillian aamrishe joto la kila chumba kwa simu.

"Kila chumba nimekiweka nyuzi ishirini, mama. Ukizichezea valvu hizi tu, nakuhamishia kwenye nyumba ya wazee Skipton."

"Kule wanakocheza bingo kutwa?"

"Hukohuko."

"Afadhali kaburi."

Lakini mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Mwanamke ambaye hata birika lake la chai lilivaa sweta angewezaje kuviacha vile vichwa vyeupe uchi? Akavifumia kofia za sufu, kila kimoja na kishada chake. Nyumba ikaanza kupoa. Valvu zilihisi joto la bomba chini ya sufu, zikaamini chumba kizima kimepata moto, zikajifunga. Huko Leeds simu iliendelea kusema ishirini.

Bibi Enid alipogundua, hakuvua kofia hata moja.

"Akili gani hiyo ya kushindwa na sufu?" aliliuliza birika.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumapili moja Gillian alitokea bila taarifa, akavua koti, akalivaa tena. Akaiona kofia ya sebuleni. Akaanza kupita chumba hadi chumba akizivua, huku mama akimfuata nyuma. Bibi Enid aliogopa kwelikweli. Alishaanza kuisikia bingo.

Chumba cha mwisho kilikuwa kile cha juu, alimolala Gillian utotoni. Kilikuwa na joto. Kitanda kimetandikwa, na valvu haina kitu.

"Hii mbona hukuivika?"

"Hicho ni chumba chako." Bibi Enid alinyoosha shuka iliyokwisha kunyooka. "Ungekuja ghafla, ungelala kwenye baridi?"

Gillian hakuwa amelala pale tangu aolewe. Alikaa kitandani na zile kofia mapajani, asijue acheke au alie, akafanya yote mawili.

"Nikija kulala hapa kila Ijumaa, utaziacha valvu bila kofia?"

"Hata ya sebuleni?"

"Hata ya sebuleni."

"Na Skipton?"

"Bingo yao wacheze wenyewe."

Bibi Enid alishusha pumzi, akafungua kabati.

"Basi shika sweta," alisema. "Huko chini bado kuna baridi."